Kamera imerekodi, sura haionekani: Tafuta tatizo kabla ya kununua mpya

Msimu wa korosho ukifunguka Nachingwea na Ruangwa, kuanzia Oktoba hivi, hela huanza kutembea. Minada ya Chama Kikuu cha Ushirika RUNALI, kinachounganisha vyama vya msingi vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ikishika kasi, mkulima analipwa, duka linajaa bidhaa, pikipiki mpya zinaonekana mtaani.

Na wezi nao wanajua kalenda hiyo.

Ndiyo maana kamera za ulinzi, ambazo zamani zilionekana kuwa za benki na ofisi, sasa zimefungwa kwenye maduka, nyumba za kupanga, stoo za mazao na hata nyumba za kawaida. Tatizo linakuja siku ya tukio. Mwenye nyumba anarudisha video nyuma, anamwona mtu akiruka ukuta, anasogeza picha karibu aone sura, na anachokuta ni ukungu mtupu.

Wengi hapo husema kamera ni feki, wakatafute nyingine. Mara nyingi kamera ni nzima. Kilichoharibika ni kitu kingine, na kingine hicho kikibaki palepale, hata kamera mpya itatoa ukungu uleule.

Ukungu una hatari mbili

Hatari ya kwanza inajulikana: mwizi hatambuliki, anaondoka.

Ya pili haisemwi sana. Video yenye ukungu ikirushwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kila mtu huona anachotaka kuona. Mmoja anasema, "Huyu kama yule kijana wa bodaboda." Mwingine anadai anaijua ile kofia. Ndani ya nusu saa jina la mtu limeshatajwa, na kijana asiyehusika yuko hatarini kukutana na watu waliochukua sheria mkononi.

Kwa hiyo kusafisha picha ya kamera kunalinda mali, na kunamlinda pia jirani asisingiziwe.

Maswali matatu kabla ya kumwita fundi

Kabla ya kufungua hata skrubu moja, mwenye kamera ajiulize maswali haya. Majibu yake yanapunguza kazi zaidi ya nusu.

Swali la kwanza: ukungu unaonekana wapi? Kama picha kwenye runinga iliyounganishwa na mashine ya kurekodia ni safi, lakini kwenye simu ni mbaya, kamera haina kosa. Tatizo ni intaneti au mpangilio wa programu ya simu. Kama picha ya moja kwa moja ni safi lakini iliyorekodiwa ni mbaya, tatizo ni mpangilio wa kurekodi. Kama ni mbaya kila mahali, hapo ndipo pa kuangalia kamera, kioo chake, waya na umeme.

Swali la pili: ni saa ngapi? Picha mbaya usiku tu humaanisha mwanga, uchafu kwenye kioo au umeme mdogo. Picha mbaya mchana na usiku humaanisha lenzi haijakaa sawa, kioo kimechafuka sana au unyevu umeingia ndani.

Swali la tatu: ni kamera moja au zote? Ikiwa ni moja, tatizo liko kwenye kamera hiyo au waya wake. Zikiwa zote kwa pamoja, tatizo liko kwenye mashine, kwenye adapta inayozigawia umeme au kwenye mpangilio.

Anza na kitambaa, sio na hela

Sababu namba moja ni ya aibu kidogo: uchafu.

Mitaa mingi ya Nachingwea na Ruangwa haina lami, na kiangazi vumbi linapanda kila gari likipita. Kuna pia jambo la huku kusini: kuanzia katikati ya mwaka wakulima hupuliza salfa kwenye mikorosho kupambana na ugonjwa wa ubwiriunga. Salfa ya unga ni nyepesi, inabebwa na upepo. Nyumba iliyo jirani na mikorosho, kioo cha kamera yake hupata utando wa unga bila mtu kugundua.

Mchana utando huo hufanya picha iwe hafifu tu. Usiku mambo hubadilika. Kamera huwasha vitaa vyake vya infraredi, mwanga ambao jicho halioni lakini kamera inauona. Mwanga huo ukigonga vumbi lililo kwenye kioo, unarudi moja kwa moja ndani ya lenzi. Matokeo yake picha nzima inakuwa nyeupe, kama mtu aliyewasha taa kali za gari ndani ya ukungu.

Buibui naye ana mchango wake. Vitaa vya kamera na joto lake huvuta wadudu, na buibui hufuata chakula. Uzi mmoja wa utando mbele ya lenzi, usiku unaonekana kama kamba nyeupe inayocheza.

Usafishaji una utaratibu wake. Kwanza vumbi lipeperushwe au lioshwe kwa maji kidogo, ndipo kioo kifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu. Kufuta vumbi kavu kwa nguvu ni sawa na kupiga msasa, maana chembe za mchanga zinachora kioo na michoro hiyo haitoki tena. Dawa ya wadudu isipulizwe kwenye kioo, ipakwe ukutani kuzunguka kamera. Kiangazi, kufuta mara moja kila wiki mbili si kujisumbua.

Na kabla ya yote, iangaliwe kama ile karatasi ya plastiki ya kiwandani ilishatolewa. Wapo waliokaa na kamera mwaka mzima ikiwa bado imevaa nailoni yake.

Unyevu ndani ya kioo

Mvua za Lindi zikianza, kati ya Novemba na Desemba, malalamiko hubadilika. Sasa picha ni safi mchana, lakini alfajiri ina ukungu unaoondoka jua likichomoza.

Huo ni unyevu ulioingia ndani ya kamera. Kwa kawaida unapita kwenye mpira wa kuzuia maji uliokaa vibaya, au kwenye tundu la waya ambalo fundi hakuliziba.

Dawa yake ni kuishusha kamera siku ya jua, kuifungua, kuiacha ikauke kabisa, kuweka ndani kipakiti kidogo cha kufyonza unyevu kama vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya, kisha kuifunga mpira ukiwa umekaa sawa. Waya unaoingia kwenye kamera uachwe uning'inie kidogo chini kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani.

Umbali: kamera inaona, haitambui

Hapa ndipo wengi wanapopoteza hela.

Kamera inayouzwa sana ni ya megapikseli 2 yenye lenzi ya milimita 2.8. Lenzi hiyo inapendwa kwa sababu inaona pana: geti, uwanja na banda la kuku, vyote kwenye picha moja. Lakini upana una gharama yake.

Picha ya kamera hiyo ina nukta 1,920 kwa upana, yaani pikseli. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014, kilisema ili kumtambua mtu usiyemjua zinahitajika kama pikseli 250 kwa kila mita ya eneo linaloonekana. Kumtambua mtu ambaye tayari unamfahamu, kama 125 zinatosha.

Sasa hesabu. Kwa lenzi ya milimita 2.8, mtu akiwa mita 3 kutoka kwenye kamera, eneo linaloonekana lina upana wa karibu mita 8. Gawanya pikseli 1,920 kwa 8, unapata 240. Sura inaonekana.

Mtu huyohuyo akiwa getini, mita 10, eneo limeshakuwa na upana wa karibu mita 26. Pikseli zinabaki kama 74 kwa mita. Ataonekana kuwa ni mtu, anatembea, amevaa shati jeupe. Sura haitapatikana, hata kioo kiwe kimefutwa kwa sabuni gani.

Kusogeza picha kwa vidole kwenye simu hakuongezi kitu. Kunakuza zile nukta chache zilizopo.

Suluhisho si lazima kamera ya bei mbaya. Kamera moja yenye lenzi ya milimita 6, ikiangalia geti peke yake, hupata sura kwenye mita 7 hivi. Nyingine pana ibaki kuangalia uwanja. Kwa lugha rahisi: kamera moja ione tukio, nyingine ione sura.

Urefu wa kufunga nao una maana. Kamera iliyofungwa juu sana chini ya paa haiibiwi kirahisi, lakini inapiga picha za kofia na vipara. Ile ya kupata sura ikae chini kidogo, kati ya mita 2 na 2.5, mahali ambapo mtu lazima apite akiielekea.

Usiku: mwanga kidogo, mwendo mwingi

Gizani kamera huacha jicho lake wazi kwa muda mrefu zaidi ili likusanye mwanga. Kamera nyingi hufika sehemu moja ya 25 ya sekunde kwa kila picha.

Mtu anayetembea kawaida husogea kama sentimita 5 au 6 katika muda huo. Anayekimbia husogea sentimita 20. Ndiyo maana ukuta na mti vinaonekana vizuri, lakini mtu anayepita anaburuta kivuli kama mzimu.

Tiba ya uhakika ni taa. Balbu ya LED ya nje inayowaka usiku kucha, au ya sola inayojiwasha mtu akipita, inaipa kamera mwanga wa kutosha kupiga picha kwa haraka zaidi. Taa ikae juu au pembeni ya kamera. Ikikaa mbele inaichoma macho kamera, na kila anayepita anakuwa kivuli cheusi. Mwanga ukishatosha, fundi anaweza kuingia kwenye mpangilio na kuizuia kamera isiwe taratibu kupita sehemu moja ya 100 ya sekunde. Bila mwanga, mpangilio huo utatoa giza tu.

Kuna pia suala la lenzi zinazorekebishwa kwa mkono. Baadhi ya kamera zina skrubu mbili ndogo chini ya kifuniko cha mpira: moja ya kuvuta picha karibu, nyingine ya kuifanya ikae sawa. Mafundi wengi hurekebisha saa nane mchana na kuondoka. Mwanga wa infraredi hukusanyika mahali tofauti kidogo na mwanga wa jua, kwa hiyo picha iliyonyooka mchana inaweza kuwa na ukungu saa mbili usiku. Kamera ya namna hiyo irekebishwe mchana, kisha ikaguliwe usiku kabla fundi hajalipwa hela yake ya mwisho.

Chenga, mistari na kuzimazima

Picha ikiwa na chenga, mistari inayopanda, au kamera inajizima na kuwaka giza likiingia, hapo shutuma ziende kwa umeme na waya.

Kamera nyingi hutumia volti 12. Usiku vitaa vya infraredi vikiwaka, kamera hula umeme zaidi. Waya ukiwa mwembamba na mrefu, volti zinapotea njiani. Mfano: waya wa milimita za mraba 0.5, urefu wa mita 50, kamera ikivuta ampea 0.5, hupoteza karibu volti 1.7. Kilichotoka 12 kinafika 10 na kitu. Waya wa alumini uliopakwa shaba juu, ambao ni wa bei rahisi, hupoteza zaidi.

Kipimo chake ni rahisi: fundi apande na kipima umeme, apime mwisho wa waya, kwenye kamera, usiku, vitaa vikiwa vinawaka. Kupima mchana kwenye adapta hakusemi kitu. Ikisoma chini ya 11, waya mnene zaidi au adapta iliyo karibu na kamera itasaidia.

Maungio ya kuzungushia seloteipu kwa mkono, yaliyoachwa yapigwe na mvua, nayo huleta chenga. Yaingizwe kwenye kiboksi kisichopitisha maji. Na kwa nyumba ambayo umeme hupanda na kushuka, UPS ndogo kwenye mashine ya kurekodia huilinda isizimike katikati ya kurekodi.

Simu na bando

Programu nyingi za kamera zikifunguliwa kwenye simu huonyesha kwanza picha ndogo, ya ubora wa chini, ili kuokoa bando. Mwenye kamera huko safarini Dar anaangalia nyumba yake Ruangwa na kulalamika ukungu, kumbe kuna kitufe kimeandikwa SD na hajakibonyeza kiwe HD.

Kamera za Wi-Fi nazo hushusha ubora zenyewe mtandao ukiwa dhaifu. Kuta za tofali na mabati kati ya kamera na kifaa cha intaneti hula mawimbi. Kusogeza kifaa hicho dirishani kunaweza kuponya bila gharama.

Kwa vijijini, ambako kamera za sola zenye laini ya simu zimekuwa mkombozi, ubora wa picha ya moja kwa moja unafuata mnara. Hapo ni muhimu kamera iwe na memori kadi ndani, irekodi yenyewe kwa ubora kamili hata mtandao ukiwa umelala.

Siku nyingi au picha safi?

Hapa kuna siri ambayo mteja huwa haambiwi. Kamera ya megapikseli 2 inayorekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde hutumia gigabaiti 1.8 kwa saa, sawa na 43 kwa siku. Kamera nne ni kama gigabaiti 173 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 inajaa ndani ya siku tano au sita.

Mteja akisema, "Fundi, nataka ikae mwezi," fundi asiyetaka maneno hushusha ubora hadi robo. Siku zinakuwa 23, na sura zinakuwa uji.

Zipo njia bora zaidi. Mashine ikiwa na H.265, njia mpya ya kubana video, iwashwe. Hupunguza matumizi kwa karibu nusu bila kuharibu sana picha. Pia mashine irekodi tu kunapokuwa na mwendo. Ikishindikana, bora siku kumi zenye sura kuliko siku thelathini za vivuli.

Tukio likitokea

Mambo manne yafanyike mapema, kwa sababu mashine ikijaa hufuta ya zamani na kuandika juu yake.

Moja, video itolewe kwenye mashine yenyewe kwa flashi. Kurekodi runinga kwa simu kunaharibu ubora mara mbili.

Mbili, ikibidi kutumwa kwa WhatsApp, itumwe kama faili la nyaraka. Ikitumwa kama video ya kawaida, WhatsApp huibana na kula nukta zilizobaki.

Tatu, saa ya mashine ilinganishwe na saa ya kweli na tofauti iandikwe. Mashine inayosema saa nne asubuhi wakati tukio lilikuwa usiku wa manane italeta maswali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki iangalie jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kama haukuchezewa. Kwa hiyo video halisi ibaki kama ilivyo, na nakala ndiyo itumike kuonyesha watu.

Nne, video ipelekwe polisi na si kwenye kundi la mtaa. Na mtu asijaribu kuisafisha sura kwa programu za akili mnemba. Programu hizo haziwezi kurudisha nukta ambazo kamera haikuzipata, zinabuni sura inayofanana na sura za watu. Sura iliyobuniwa inaweza kufanana na jirani ambaye usiku huo alikuwa amelala kwake.

Kamera pia ielekezwe kwenye eneo la mwenyewe, si dirishani kwa jirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inagusa picha za watu pia.

Jaribio la dakika kumi

Kujua kama kamera itasaidia hakuhitaji kusubiri mwizi.

Usiku mmoja, saa tatu hivi, kijana wa nyumbani aingie getini akiwa amevaa kofia, atembee hadi mlangoni, kisha arudie akikimbia. Mwenye nyumba airudishe video iliyorekodiwa na amwonyeshe mtu anayemfahamu kijana huyo bila kumtajia jina.

Akimtambua kwa sura, kamera inafanya kazi. Akisema, "Sijui, labda ni fulani," basi orodha ianze upya: kitambaa, taa, umbali, waya, mpangilio. Kununua nyingine kuwe mwisho wa orodha.

Jaribio hilo lifanywe Septemba, kabla minada haijaanza, na lirudiwe mvua zikishaanza.